Kituo, Mkato na Kiulizo: Maandishi ya Mwambao wa Bagamoyo Kabla na Baada ya Chapa

Maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa katika karne ya 19 kwenye mwambao wa Bagamoyo, yaani ukanda unaoanzia Mapinga na Kerege, ukapita Zinga, Mlingotini na Kaole hadi mlango wa mto Ruvu, hayakuwa na nukta ya kufunga sentensi, wala mkato, wala alama ya kuuliza. Yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, mstari ukifuata mstari, na kwa msomaji wa leo aliyezoea uakifishaji, yaani utaratibu wa kuigawa sentensi kwa alama ili maana yake ieleweke, yanaonekana kama maneno yaliyomwagwa bila mpaka. Mwonekano huo unapotosha. Waliokuwa wakiandika na kupokea barua hizo walikuwa na njia zao za kuonyesha mahali habari inapoanza, inapogeuka na inapokoma, na njia hizo zilitosha kwa muda wote ambao mwandishi na msomaji walijuana, au walau walikuwa na mtu wa kuwasomea kwa sauti aliyewajua wote wawili. Alama za kizungu zilipata kazi pwani pale msomaji alipokuwa mgeni: karani wa boma, mhariri wa gazeti, hakimu asiyewahi kumwona mdai.

Njia ya kwanza ilikuwa maneno yenyewe. Barua ya pwani ilifunguliwa kwa sifa za mpokeaji, ikaendelea kwa salamu, kisha likaja neno la kukata, «ama baada» au «wa baada ya salamu nakuarifu», ambalo lilimjulisha msomaji kwamba adabu zimekwisha na haja inaanza. Kila haja mpya ndani ya barua ileile ilitanguliwa na «wa baadahu» au «tena», na mwisho wote ulitiwa «wasalaam» pamoja na jina la aliyeandika na tarehe ya Hijria. Mchungaji Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya namna hiyo mwaka 1892, na anayeyapitia huona haraka kwamba maneno hayo, ambayo wafasiri wengi huyaacha kwa kuyadhania ni mapambo, ndiyo yanayofanya kazi ya aya na nukta. Katika masimulizi kazi hiyo ilibebwa na «basi», «hata» na «kisha», na zaidi na kiambishi -ka-, ambacho hupanga matendo kwa mfuatano wake: akaja, akaketi, akauliza. Sentensi iliyojengwa kwa -ka- hujigawa yenyewe kila kitenzi kinapoingia, na msomaji hupumua bila kuelekezwa.

Katika hati za madeni na mauzo, mahali ambapo mtu alitarajiwa kugombana na mwenzake baadaye, maneno pekee hayakutosha, na hapo waandishi walitumia kinga iliyojulikana katika nchi nyingi za Kiislamu: kiasi cha fedha kiliandikwa kwa maneno, halafu nusu yake ikatajwa. Aliyedaiwa reale mia aliandikiwa kwamba anadaiwa reale mia, nusu yake hamsini. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kuongeza neno au kubadili herufi moja, lakini angelazimika kubadili mahali pawili kwa wakati mmoja, na tena kwa hesabu inayolingana. Ni vigumu kuona alama yoyote ya kalamu iliyoweza kulinda mkataba vizuri zaidi ya hiyo.

Hata hivyo si kweli kwamba watu wa pwani hawakujua alama za vituo. Kila mtoto aliyepelekwa chuoni, yaani darasa la Kurani la mwalimu wa mtaa, alikutana nazo mapema, kwa sababu msahafu umejaa ishara ndogo juu ya mstari zinazoeleza wapi msomaji asimame na wapi aunganishe. Elimu hiyo huitwa waqfu, na ishara zake nyingi hunasibishwa na mwanachuoni al-Sajawandi wa karne ya 12. Herufi mim ndogo huamuru kusimama, lam-alifu hukataza, jim huruhusu kusimama na kuunganisha, na vikundi viwili vya nukta tatu tatu humtaka msomaji asimame kwenye kimoja tu kati ya hivyo. Walimu wa Bagamoyo, na mashuhuri kati yao ni Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, aliyeletwa utumwani kutoka nchi za Kongo na akafariki mwaka 1931 akiwa kiongozi wa tarika ya Kadiriya, walifundisha katika utamaduni ambao kituo kilihesabiwa kuwa jambo la itikadi. Mfano unaotajwa mara nyingi ni aya ya saba ya sura ya Al-Imran. Msomaji akisimama baada ya kutajwa Mwenyezi Mungu, maana inakuwa kwamba Yeye peke yake ndiye ajuaye tafsiri ya aya zenye kutatiza. Akiunganisha, wanavyuoni waliobobea nao wanaingia katika ujuzi huo. Wafasiri wamehitilafiana juu ya pumzi hiyo moja kwa karne nyingi. Kwa hiyo hoja kwamba kituo hubadili maana haikuletwa pwani na mzungu. Iliyokuwa ngeni ni fikra ya kuzitia alama za namna hiyo katika barua ya mkopo au orodha ya mizigo, kwani zile za msahafu zilikuwa za kusomea Kitabu kwa sauti, na hakuna aliyeona haja ya kuzishusha hadi katika maneno ya kila siku.

Ushairi ulikuwa na utaratibu wake wa tatu. Katika miswada ya tenzi, ubeti wenye vipande vinne uliandikwa kwa kupangwa upande kwa upande, na kati ya kipande na kipande, au mwisho wa ubeti, mwandishi aliweka kipambo: kundi la nukta, ua dogo, wakati mwingine umbo la moyo uliopinduliwa. Alama hizo zilihesabu mizani na vina, si maana. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, vya mwaka 1307 wa Hijria, ambavyo viliigusa Bagamoyo moja kwa moja, ni wa mkondo huo. Ulipotolewa kwa herufi za Kirumi na J. W. T. Allen katika miaka ya 1950, alama za maana zilikuwa jukumu la mhariri. Tabia ya alama za mizani haikufa. Washairi wa magazeti hadi leo huweka mkato kati ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mshororo, hata pale ambapo nusu ya kwanza inaishia katikati ya fungu la maneno, na mwalimu wa sarufi anayeuona mkato huo humhesabia mwanafunzi kosa. Kosa ni la mwalimu. Mkato huo una asili ya zamani kuliko sarufi anayoifundisha, nao unahesabu silabi nane.

Pamoja na hayo yote, hati ya Kiarabu ilikuwa na mapengo ambayo wenyewe waliyajua. Herufi moja ya ba iliweza kusomwa b, mb au p. Na Kiswahili chenyewe, tofauti na lugha nyingi za Ulaya, kina sehemu ambazo sauti hubeba mzigo ambao maandishi hayauonyeshi. Sehemu kubwa kuliko zote ni swali. Mwingereza akiuliza hugeuza mpangilio wa maneno, na Mjerumani hukitanguliza kitenzi, kwa hiyo alama ya kuuliza kwao huthibitisha tu kile ambacho msomaji amekwisha kukijua. Katika Kiswahili, «Juma amelipa kodi» ni taarifa na ni swali, na tofauti iko kooni. Neno «je» mwanzoni mwa sentensi lilikuwa dawa ya kale ya tatizo hilo, lakini si kila muulizaji hulitumia, na katika maandishi yasiyo na kiulizo msomaji alibaki kubahatisha kutokana na muktadha. Kiulizo, alama iliyobuniwa mbali kabisa na pwani, kimepata kazi kubwa zaidi katika Kiswahili kuliko katika lugha zilizokileta.

Sehemu ya pili ni neno «na», linalounganisha, linalomtaja mtenda na linalomaanisha pamoja. Sentensi «Alipigwa na Juma na Ali akakimbia» ina kesi mbili ndani yake. Mkato ukiwekwa baada ya Juma, mpigaji ni mmoja na Ali ndiye aliyekimbia. Ukiwekwa baada ya Ali, wapigaji ni wawili na aliyekimbia ni yule aliyepigwa. Mbele ya mzee wa mji aliyesikiliza shauri kwa masikio yake, sentensi hiyo haikuwa na utata wowote, kwa sababu shahidi aliitamka na pumziko lake. Utata ulizaliwa siku shahidi alipobaki kijijini na maneno yake yakapelekwa bomani peke yake.

Inafaa kukumbuka kwamba alama zilizokuwa njiani kuja pwani hazikuwa kongwe sana hata kwao. Wagiriki wa Aleksandria walikuwa na vitone vya pumzi yapata miaka 200 kabla ya Kristo, lakini maandishi mengi ya kale ya Ulaya yaliandikwa hata bila nafasi kati ya neno na neno, na umbo la mkato na nuktamkato linalotumika leo lilitengenezwa katika viwanda vya chapa, hasa kile cha Aldus Manutius mjini Venice mwishoni mwa karne ya 15. Kiarabu nacho kilisubiri zaidi: kitabu cha Ahmad Zaki kilichoweka kanuni za alama hizo kwa Kiarabu kilitoka Kairo mwaka 1912. Kwa maneno mengine, karani wa Bagamoyo wa mwaka 1890 aliyeandika bila mkato hakuwa nyuma ya wakati wake; aliandika kama alivyoandika mwenzake wa Maskati.

Chapa ndiyo iliyogeuza mambo. Unguja, Askofu Edward Steere wa misheni ya Waanglikana alijifunza mwenyewe ufundi wa kupiga chapa, akatoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, na mwaka 1888 wanafunzi na walimu wa shule ya misheni hiyo huko Kiungani wakaanza kutoa jarida la *Msimulizi*. Ng'ambo ya pili ya maji, Wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni yao Bagamoyo tangu mwaka 1868, na mmoja wao, Padre Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879, aliisikiliza lugha ya mrima, yaani pwani ya bara, na ya visiwani kwa sikio lisilo na mfano, akaweka alama za matamshi ambazo wapiga chapa wengi wangeziona adhabu. Lakini alama za Sacleux zilikuwa za mtaalamu wa sauti. Zilizoenea ni zile za Steere na wenzake, zilizokuwa za Kiingereza zikiwa zimevikwa maneno ya Kiswahili.

Mwandishi mashuhuri kuliko wote wa Bagamoyo wa wakati huo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alipita katikati ya mabadiliko hayo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki, na mwaka 1903 kikatoka *Desturi za Wasuaheli* chini ya uhariri wa Carl Velten. Kalamu ni ya Mtoro, lakini ukurasa ni wa Velten: herufi za Kirumi, mgawanyo wa sura, nukta na mikato. Mhariri wa Kijerumani wa zama hizo alilelewa katika kanuni inayodai mkato kabla ya kila kishazi tegemezi, yaani sehemu ya sentensi isiyoweza kusimama peke yake, hata pale ambapo sauti haipumziki. Msomaji anayetaka kusikia mwendo wa mtu wa Bagamoyo katika kitabu hicho hana budi kuiacha mikato kando na kuzifuata -ka- na «basi» za mwandishi, kwani zenyewe zinajitosheleza.

Shuleni na ofisini alama ziliingia kwa mlango wa serikali. Posta ya Kijerumani ilifunguliwa Bagamoyo mwaka 1890, na mwaka 1896 mfanyabiashara Sewa Haji Paroo aliitoa serikalini nyumba ya ghorofa aliyoijenga iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo. Kutoka katika shule za namna hiyo walitoka makarani na maakida, yaani wakuu wa chini waliowekwa na serikali kusimamia vijiji, ambao kwanza waliandika taarifa kwa hati ya Kiarabu na baadaye, hatua kwa hatua, kwa ile ya Kirumi. Gazeti la *Kiongozi*, lililochapishwa katika shule ya serikali ya Tanga tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mwaka 1916, liliwafundisha walimu na makarani hao sura ya sentensi iliyofungwa kwa nukta, kwa njia bora kuliko kanuni, yaani kwa kusomwa kila mara.

Katika fedha alama zilileta hatari mpya. Rupia ilikuwa imegawanywa pesa 64 hadi mwaka 1904, ilipogawanywa heller 100, na tangu hapo hesabu ikaweza kuandikwa kwa desimali. Mjerumani hutenga sehemu hizo kwa mkato na kutenga maelfu kwa nukta. Mwingereza hufanya kinyume chake. Utawala ulipobadilika baada ya Vita Kuu, na shilingi yenye senti 100 ikaingia mwaka 1921, karani yuleyule aliyefundishwa kwamba 1.500 ni elfu moja na mia tano alitakiwa kuisoma kama moja na nusu. Hapo ndipo mtu hukumbuka ile «nusu yake hamsini». Afrika Mashariki ilijitengenezea kinga nyingine, inayoshangaza wageni hadi leo: mkwaju na mistari miwili, /=, baada ya kiasi kisicho na senti, ili pasibaki nafasi ya kuongeza tarakimu, na kiasi hichohicho kikarudiwa kwa maneno ndani ya mabano, kikafungwa kwa neno «tu».

Chini ya Waingereza mamlaka ya alama ilihamia kwenye kamati. *Mambo Leo* lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923 likiwa gazeti la idara ya elimu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ambayo vitabu vya shule vilipita mikononi mwake kabla ya kuchapishwa. Tahajia ikasawazishwa kwa lahaja ya Unguja. Moja ya alama zilizothibitishwa ni ritifaa, kile kikoma cha juu kinachotenganisha ng' na ng, ambacho katika simu za mkononi za leo ndicho cha kwanza kuachwa. Aliyeandika «ngoa» badala ya «ng'oa» ametaja wivu wakati alikusudia kung'oa kisiki. Uakifishaji wenyewe ulijadiliwa kidogo sana ukilinganishwa na tahajia. Ulichukuliwa kuwa umekwisha kuamuliwa na Kiingereza, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu maswali ya mzigo wa kiulizo na ya mkato wa ushairi yalistahili kusikilizwa na kamati yenye watu wa pwani ndani yake.

Barua ya ofisi ilibadilika sura hiyohiyo. «Ama baada» iliondoka, na mahali pake ikakaa «Yah:», ufupisho wa «yahusu» unaofuatwa na nukta mbili na kichwa cha habari kwa herufi kubwa, halafu «husika na kichwa cha habari hapo juu». Anayecheka urasmi huo asahau kidogo kicheko chake: kazi ni ileile ya kumwambia msomaji kwamba adabu zimekwisha, isipokuwa sasa msomaji ni jalada. Kiingereza kwa upande wake kilibaki lugha ya sekondari na ya mahakama za juu, na Watanzania wengi hujifunza alama kwa ukali wake wote kupitia lugha hiyo, ambako makosa yake huadhibiwa kweli. Kwa mfano, mwaka 1916 Roger Casement, aliyewahi kuwa balozi mdogo wa Uingereza nchini Kongo na mwandishi wa ripoti mashuhuri ya mwaka 1904 kuhusu mateso ya huko, alishtakiwa London kwa uhaini chini ya sheria ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha kale; sehemu kubwa ya utetezi ilihusu iwapo maneno ya sheria hiyo yasomwe kwa pamoja au kwa kutengwa, yaani pumziko liwe wapi. Majaji walikataa usomaji wa wakili wake, naye akanyongwa tarehe 3 Agosti.

Zinga haina kesi ya uzito huo, lakini ina karatasi nyingi. Kata hiyo iko kando ya barabara ya Dar es Salaam na Bagamoyo, ambako mashamba ya minazi na mikorosho yamekuwa yakigeuka viwanja, na karibu na Mbegani, palipopangiwa bandari kubwa kwa mkataba wa awali wa mwaka 2013. Mauzo ya ardhi huandikwa mbele ya viongozi wa kijiji au kitongoji, kwa mashahidi na kwa kutaja majirani wa kila upande, mara nyingi kwa sentensi moja ndefu ya mkono. Kiswahili humpa mwandishi mtego humo bila yeye kujua, kwa sababu minazi na mikorosho ni ngeli moja: «shamba lenye minazi na mikorosho michanga» halisemi kama minazi nayo ni michanga. Mkato mmoja baada ya minazi huiondoa katika uchanga. Pale mazao yanapothaminiwa kwa ajili ya fidia, mnazi unaozaa na mche haiandikwi kwa bei moja, na aliyeiandika karatasi hiyo miaka kumi kabla huenda hayupo tena kuulizwa alipumzika wapi.

Suala hilo sasa limepanda hadi kwenye sheria zenyewe. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na sheria nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza zikahitaji kuhamishwa. Ibara ya Kiingereza cha kisheria huweza kujaza nusu ukurasa bila kituo, ikiwa imeshikizwa kwa mikato na nuktamkato ambazo mawakili wamezizoea, na mfasiri hana budi kuamua kama aihamishe pamoja na alama zake, au aivunje katika sentensi fupi, akirudia mtenda kila mara na kutumia «ambaye» kidogo iwezekanavyo. Njia ya kwanza huonekana kuwa salama kwa sababu mwanasheria anaweza kulinganisha matini mbili mstari kwa mstari. Ya pili ndiyo inayoweza kusomwa kwa sauti mbele ya mdai katika mahakama ya mwanzo, naye akaelewa mara ya kwanza.